Pezi la Kushoto la Mbasa

Siku ya kuniaga, mkuu wa idara alisoma wasifu wangu kwa sauti ya mtu anayesoma matangazo baada ya misa. Alitaja vyeo vyote nilivyopanda, na kimoja ambacho sikuwahi kukipanda akakitaja pia, kwa ukarimu. Nikakabidhiwa saa ya ukutani, kana kwamba anayestaafu ndiye anayehitaji kujua saa ngapi. Watu wakala pilau. Viti vilipoanza kukusanywa, maofisa wawili wapya wakanisogelea na swali moja tu: lile bomba la bati lililoko juu ya kabati la mafaili lina nini ndani?

Nawaandikia kujibu swali hilo. Vyeo na mishahara mtavikuta kwenye jalada langu, na havina ladha. Ndani ya bomba mna ufito wa kuvulia, vipande vitatu vinavyoungana, na ufito huo ndio uliofanya kazi yangu yote ya maana. Miaka mingine iliyobaki nilikuwa nahudhuria vikao.

Mimi ni Mmatengo wa Litembo. Kwetu ni milima, kahawa, mahindi na ngoro, yale mashimo tunayolimia mitelemkoni. Samaki tuliwajua wakiwa wamekauka na kufungwa kwenye gazeti, na harufu yao ilifika nyumbani kabla ya aliyewabeba. Chuo kikuu nilisomea uvuvi kwa sababu nafasi za kilimo zilikuwa zimejaa. Nilipomweleza baba, aliuliza kama huko chuoni hawakuwa hata na ng'ombe. Mama aliuliza kama najua kuogelea. Sijui mpaka leo. Nimefanya kazi ya maji maisha yangu yote nikiwa nimesimama.

Nilipangiwa ziwani, enzi hizo mwambao wote wa Nyasa ukiwa bado ndani ya Wilaya ya Mbinga. Nilishuka Kitai na sanduku na godoro, nikakaa juu ya godoro kusubiri gari la Lituhi. Gari lilikuja kesho yake. Nilifika nimejaa vumbi jeupe kichwani kiasi kwamba mtu wa kwanza kunipokea aliniamkia shikamoo, naye alikuwa na umri wa kunizaa. Nilipofuta uso akaona alichokiamkia, alinuna wiki nzima. Huyo ndiye Odilo.

Odilo alikuwa mwendesha boti wa ofisi. Boti ilikuwepo. Injini ilikuwa kwa fundi Songea, na ilikaa huko mpaka fundi akahamia Makambako, pengine pamoja nayo. Odilo mwenyewe alikuwa mtu wa Liuli, mrefu, mwenye kofia ya pama ambayo hakuivua hata ofisini, na majivuno ambayo sijayaona kwa mtu mwingine yeyote, maprofesa wakiwemo. Zamani daktari mmoja wa kizungu aliyefanya kazi milimani alikuwa akishuka ziwani wakati wa likizo kuja kuvua kwa ufito, na Odilo ndiye aliyempigia kasia. Daktari alipoondoka moja kwa moja aliuacha ufito ofisini. Tangu hapo Odilo alijitangaza kuwa bingwa wa kuvua kwa ufito kutoka Mbamba Bay mpaka Manda. Kwa kuwa hakukuwa na mwingine, hakuna aliyembishia.

Kwa ambao hamjawahi kuuona uvuvi huo, ni hivi. Kwenye mshipi wa kawaida, uzito wa chambo au wa risasi ndio unaovuta mshipi kwenda mbele. Hapa chambo ni manyoya yaliyofungwa kwenye ndoana, hayana uzito hata wa kufikiria. Kizito ni mshipi wenyewe. Kwa hiyo hurushi chambo, unarusha mshipi: unaupeleka nyuma hewani, unausubiri unyooke, ndipo unauleta mbele na manyoya yanafuata kwa adabu. Hapo kwenye kusubiri ndipo wasomi wanaposhindwa.

Odilo alinifundisha nyuma ya ofisi, nikiwa nimebana gunzi la mahindi kwapani. Gunzi likianguka, mkono umeenda mbali mno. Lilizua kicheko kila lilipoanguka, maana ua wetu ulipakana na njia ya kisimani na kina mama walikuwa wakitua ndoo kuniangalia. Nilivua kamba ya nguo ya jirani. Nilivua mti wa mpera. Siku moja nilivua kofia ya Odilo, na hiyo ilikuwa mara ya kwanza kati ya mbili nilizowahi kukiona kichwa chake.

"Bibi Samaki," aliniambia akiokota kofia, "unavua au unaua nyoka?"

Manyoya tuliyafunga wenyewe. Shingo ya jogoo, bawa la kanga, singa za mkia wa mbuzi, na ile karatasi ya fedha ya ndani ya pakiti ya sigara, ili chambo kimetemete kama usipa, hawa dagaa wetu wa Nyasa. Odilo alishikilia kwamba lazima shingoni uzungushwe uzi mwekundu. Mimi, kwa kuwa nilikuwa nimesoma, nilishikilia kwamba rangi ya uzi si kitu, ukubwa wa chambo ndio kila kitu. Tulibishana jambo hilo kwa muda mrefu kuliko ndoa nyingi zinavyodumu. Samaki hawakutusaidia. Kuna siku walimeza changu, kuna siku walimeza chake, na siku nyingi hawakumeza cha mtu yeyote. Watu wa Lituhi waliutazama mzozo wetu wakaupa jina lake: wale wanavua kwa kuku.

Samaki mwenyewe ni mbasa. Mnamjua sokoni, lakini sokoni hajulikani. Ni mrefu, wa fedha tupu, na ana mdomo wa kuwinda. Kiangazi yuko ziwani akifukuza usipa. Mvua zikianza anapanda mto Ruhuhu kwenda kutaga kwenye changarawe, penye maji ya mbio. Halafu ni samaki wa kufa haraka. Wavu ukimkumbatia kidogo magamba yanapukutika, na ukimtoa hana tena hamu ya kuishi.

Wakati ule mto ulikuwa unazibwa. Mvua zikianza, watu wa juu walisimika uzio wa fito kwenye changarawe na kutega migono, ile mitego ya kusukwa, kwenye mianya, na mbasa waliokuwa wakipanda kutaga waliingia humo na mayai yao tumboni. Kila mwaka wazee walisema samaki wamepungua, na kila mwaka walisema ni kwa sababu ya tabia za vijana. Nilikwenda kwenye mkutano wa kijiji kimoja cha kando ya mto, sitakitaja kwa sababu wahusika bado tunasalimiana, nikawaomba waiache changarawe yao wazi wakati wa mvua. Nilizungumza vizuri sana. Nilikuwa na mchoro.

Mwenyekiti wa kijiji alikuwa Mzee Kosmas, mtu wa haki na mwenye sauti ndogo, jambo linalowafanya watu wote wanyamaze anaposema. Alisubiri nikunje mchoro wangu.

"Bibi Samaki, mto huu una kingo mbili. Huku ni sisi, ng'ambo kule ni mkoa mwingine. Samaki akitupita hapa, nani amewahi kumwona akirudi?"

Hakuna aliyewahi. Mbasa hushuka maji yakiwa yamechafuka, kimyakimya, na mtu wa juu ya mto hana sababu ya kumwona. Kwa wazee wale ilikuwa wazi kwamba mbasa anayepanda haendi kutaga na kurudi. Anakwenda kuliwa na watu wa ng'ambo, au kufia huko. Mimi nilikuwa nawaomba wawanyime watoto wao kitoweo ili wanenepeshe mkoa wa jirani. Ukiitazama hivyo, hata mimi ningejifukuza.

Mzee Kosmas hakunifukuza. Alisema wananipa mvua mbili. Changarawe itakaa wazi mvua mbili, na kabla ya mvua ya tatu niwaletee mbasa mmoja aliyepita pale akarudi ziwani. Mmoja tu. Nikimkosa, fito zinasimama, na ofisi yangu isije tena na michoro.

Basi mkiniuliza kwa nini mtumishi wa umma mwenye shahada alishinda juu ya mwamba akipunga ufito, hiyo ndiyo sababu. Nilihitaji kumshika mbasa akiwa hai pale kwenye changarawe, nimtie alama, nimwachie. Wavu ungemuua. Mgono ungemuua. Ndoana moja mdomoni, iliyominywa kile kimwiba chake kwa koleo, humwacha mzima. Hapakuwa na njia nyingine, na kama ingekuwepo Odilo asingeniambia.

Mvua ya kwanza tulijifunza zaidi kuhusu maji kuliko kuhusu samaki. Mto ukiwa mwekundu mbasa haoni chambo hata ukimwekea machoni. Mvua ikipumzika, maji yanaanza kusafika, na kuna muda mfupi ambao yanafaa. Yakifanana na chai ya maziwa tulirudi nyumbani. Yakifanana na chai ya rangi tulifungua bomba. Mimi nilisimama juu ya mwamba, maana sikutaka kuingia mtoni. Odilo kazi yake ilikuwa kuangalia mamba. Aliifanya akiwa ameegemea jiwe na kofia juu ya macho, akidai mamba husikika.

Nilirusha mpaka bega likalia kama mlango wa stoo. Siku zilipita bila hata kuguswa. Kuna ujinga fulani mtamu katika kurudia kitu kilekile ukiamini safari hii kitatokea, na nadhani ndio ulionifaa kwa utumishi wa serikali. Halafu siku moja, mshipi ukiwa umeshavuka mkondo na mimi nikiwaza chakula cha mchana, maji yalipasuka pale kwenye manyoya kama mtu amefungua mwavuli chini yake. Ufito ukakunjwa mpaka kiganjani. Mbasa aliruka, fedha tupu, akageuka hewani akaniona, na naapa alinishangaa. Odilo aliamka akaanza kutoa maagizo, yote yakipingana. Tulipomfikisha kwenye maji ya kina kifupi nilichuchumaa nikatoa mkasi.

Alama niliyoichagua ilikuwa pezi. Chini ya tumbo mbasa ana mapezi mawili, moja kila upande. Nilikata la kushoto, karibu na shina, kwa mkasi mdogo niliopewa na nesi wa zahanati. Pezi la namna hiyo likikatwa vizuri halioti tena. Panabaki kovu laini. Kwa nini la kushoto? Kwa sababu ndilo lililokuwa upande wa mkasi. Kisha nikamshika mkia, nikamwelekeza uso kwenye mkondo mpaka akapata nguvu, nikamwachia akaenda zake.

Ng'ambo ya kijito kilichoingia mtoni pale walikuwepo kina mama wanafua. Walikuwa wameacha kufua. Mmoja akaniuliza kwa upole kabisa, "Bibi Samaki, umeshiba?"

Hapo ndipo nilipojua nimefanya nini. Ofisa aliyewazuia wasile mbasa ameshika mbasa mkubwa mbele ya macho yao, amemkata kipande, amemrudisha majini. Habari ilipanda milima. Mama yangu alielezwa mlangoni mwa kanisa Litembo kwamba binti yake anatupa chakula mtoni. Alinitumia salamu kwa kondakta wa basi: kama chakula kimenizidi, kwetu wenye njaa wapo, na sukari iliyotumwa na kaka yangu imefika.

Kwa mvua zile mbili nilitia alama mbasa ambao ningeweza kuwakaribisha wote mezani kwangu bila kuazima viti. Kiangazi niliwaeleza wavuvi wote wa mwambao: mkipata mbasa asiye na pezi la kushoto chini ya tumbo, msimkate, nileteeni. Waliniletea mbasa aliyeliwa mkia na fisi maji. Waliniletea chongo. Mmoja aliniletea kambale, akasema huyu naye hakumwelewa.

Kiangazi cha pili kilifika mwisho. Mawingu ya kwanza yalianza kukaa juu ya milima ya ng'ambo, na nilipopita kijijini kwa Mzee Kosmas niliona fito mpya zimekatwa, zimemenywa magome, zimeegemezwa ukutani nyuma ya nyumba yake. Alifuata macho yangu.

"Zinakauka tu," alisema. "Mkutano ni wiki ijayo."

Nilikwenda nyumbani nikaanza kutunga hotuba ya kushindwa. Ilikuwa nzuri kuliko ile ya mwanzo.

Kabla wiki haijaisha mwenyekiti aliniita. Si kwenye mkutano. Kwenye shauri, nyumbani kwa Bibi Gaudensia, mama mkongwe ambaye neno lake kijijini pale lilikuwa na uzito kuliko muhuri. Tulipofika na Odilo, tulikuta watu wameketi makundi mawili, kila kundi likitazama upande wake. Katikati palikuwa na beseni, na ndani ya beseni mbasa mkubwa.

Mzee Kosmas alinieleza. Kijana Alanus, mvuvi wa Lituhi, alikuwa anamchumbia Winfrida, mjukuu wa Bibi Gaudensia. Katika kijiji kile, upande wa kiume ukija kujitambulisha huleta mbasa mmoja, na mbasa huyo lazima awe kamili, kuanzia mdomo mpaka mkia, magamba yote, mapezi yote. Samaki anamsemea anayeposa. Kinachokosekana kwa samaki kinakosekana kwa mtu. Wenye binti humgeuza, humkagua, na wakiridhika humpika siku hiyohiyo, wakala pamoja, jambo likaisha. Mimi wa milimani, ambako mkwe huja na kuku na hakuna anayehesabu kucha zake, sikuwa nimewahi kusikia. Odilo alikuwa amesikia. Baadaye nilipomuuliza kwa nini hakuniambia, alisema alidhani nimesomea.

Sasa, Alanus alikuwa ameleta mbasa mkubwa kuliko wote walioonekana mwaka ule. Bibi Gaudensia alikuwa amemgeuza, akapapasa tumbo, akanyanyua kidole. Pezi la kushoto halipo. Wajomba wa binti wakasema wameletewa masalio. Mmoja akasema hapana, ni fumbo: wanataka kusema binti yetu ana upungufu. Upande wa kijana ukaapa kwamba samaki alitoka ziwani hivyohivyo. Alanus alikuwa ameinama kabisa. Kutoka ndani ya nyumba tulisikia Winfrida akiosha sufuria ambazo, kwa sauti zile, zilikuwa zimeshatakata muda mrefu.

"Wewe umesoma," Mzee Kosmas aliniambia. "Tuambie. Yuko samaki anayezaliwa bila pezi?"

Nilipiga magoti mbele ya beseni. Kila upande ulidhani naomba radhi kwa niaba ya upande mwingine. Nikapitisha kidole pale chini ya tumbo. Kovu lilikuwa limeziba, laini kama ukucha, na mkato wake umenyooka. Si jino la fisi maji, si wavu. Machozi yalinitoka, na kwa bahati mbaya yalitoka pamoja na kicheko. Katika shauri la posa hakuna jambo baya zaidi la kufanya.

"Pezi hili nimelikata mimi," nikasema.

Sufuria zilinyamaza. Nyuma yangu Odilo alivua kofia, na hiyo ndiyo mara ya pili.

"Wewe," alisema Bibi Gaudensia, "umemkata samaki wa posa?"

"Hakuwa wa posa bado, bibi. Nilimkata kule juu, kwenye changarawe, wakati wa mvua. Halafu nikamwachia."

"Ukamwachia."

"Ndiyo, bibi."

Aliniangalia kama mtu anayekadiria hasara. Kisha akamgeukia kijana. "Na wewe ulimvua wapi?"

"Ziwani, bibi," alisema Alanus. Ilikuwa mara yake ya kwanza kuinua uso. "Mbele ya Lituhi, kwenye mawe. Na mshipi. Sikutaka wavu umharibu. Kwa furaha sikumgeuza hata tumbo."

Bibi Gaudensia aliweka kiganja chake juu ya ubavu wa samaki, akakiacha hapo. Alizungumza polepole, kama anayejisimulia mwenyewe. "Alipanda mpaka huku kwetu."

"Ndiyo, bibi."

"Akakatwa."

"Ndiyo."

"Akarudi kwao."

"Amerudi, bibi."

Wajomba walitaka kusema kitu. Aliwanyamazisha bila kuwatazama.

"Mume wangu alikwenda mkonge Tanga akiwa na vidole vyote kumi," alisema. "Sijamwona mpaka leo. Leteni kisu. Huyu tunampokea."

Mimi peke yangu ndiye niliyepiga kelele. Samaki yule alikuwa ndiye mmoja tu, yule niliyepewa mvua mbili kumtafuta, na sasa anataka kuingia chunguni kabla ya mkutano. Nilimsihi bibi anisubirie wiki moja. Akaniuliza kama hata huyu nataka kumrudisha majini. Watu walicheka, na kwa mara ya kwanza tangu asubuhi pande mbili zilicheka kitu kimoja.

Aliyeniokoa ni Mzee Kosmas. Alitoka, na punde tukasikia kengele ya shule ikigongwa. Watu walikuja na majembe mabegani, wakajaa uani kwa Bibi Gaudensia mpaka juu ya kuta za zizi. Mwenyekiti aliwaeleza kisa chote kwa ile sauti yake ndogo, kisha akachuchumaa akapapasa lile kovu mwenyewe, mbele ya wote. Alikuwa mtu wa haki, na siku ile haki ilimuuma usoni. Kijana mmoja akasema huyo ni mmoja tu, pengine wengine hawarudi.

"Nilisema mmoja," alijibu Mzee Kosmas. "Mmoja amekuja."

Changarawe ikabaki wazi. Mpaka leo hakuna uzio uliosimama pale. Zile fito zilizokuwa zinakauka nyuma ya nyumba ya mwenyekiti zilijengewa banda la harusi ya Alanus na Winfrida, nami nilikaa chini yake nikizihesabia heri. Siku ile ya shauri nilipewa kipande changu cha mbasa, cha ubavu wa kushoto, kwa makusudi. Nilikuwa sijawahi kumla samaki niliyemvua mwenyewe. Sitasema zaidi, ofisi ina maadili.

Ningependa kuishia hapo, lakini mnaofanya kazi na watu mnajua hawakuachii ushindi mzima. Habari ya samaki aliyekwenda akakatwa akarudi ilienea mwambao wote. Haikupita muda, mbasa kamili akaanza kuonekana ni samaki wa kawaida, wa watu wasiojitahidi. Wakwe walitaka yule aliyerudi. Kwa kuwa Odilo na mimi tulitia alama wachache na waposaji walikuwa wengi, vijana wakajisaidia wenyewe. Niliendelea kukata mapezi kwa miaka, na kila nilipopokea taarifa ya mbasa asiye na pezi la kushoto ilinibidi kwanza niulize kama kuna binti jirani. Utafiti wangu uliuawa na mapenzi. Nilihamia pezi la kulia, wakanifuata.

Mkitaka kuutofautisha ukweli, tazameni ukingo. Mkato wa zamani umeziba na hauna rangi. Mkato wa posa una wekundu, na mara nyingi una meno, kwa sababu umefanywa kwa mkasi wa fundi cherehani.

Wilaya iligawanywa, nikarudishwa Mbinga mjini kwenye vikao. Odilo alistaafu, akaishi Liuli akiwafundisha watu kila kitu, kisha akatutoka. Mjane wake alinikabidhi kopo la maziwa ya unga. Ndani mlikuwa na vyambo vyake vya manyoya, vimepangwa kwa ukubwa, kila kimoja na uzi mwekundu shingoni. Kwa kuwa hawezi tena kunisikia, naweza kuandika kwamba siku za chai ya rangi nilikifunga chake, si changu. Kopo liko kando ya bomba. Kipande cha pili cha ufito kimefungwa mpira wa baiskeli. Msiufungue, ndio unaokishikilia. Gunzi mtatafuta wenyewe.

Mwezi uliopita, nikiwa sina cheo chochote, nyumbani kwetu Litembo tulipokea wageni kutoka ziwani. Binti yangu Stella amepata mchumba, kijana wa Lituhi, mwalimu wa sekondari. Walipanda kwa gari mpaka Mbinga na kwa bodaboda mpaka kwetu, wakiwa wamepakata kasha la barafu njia nzima. Kaka zangu, watu wa kahawa, walikusanyika wakaketi kwa uzito. Beseni likawekwa mbele yangu. Mama, ambaye sasa haoni vizuri, aliuliza kama huyo ndiye yule wa kutupwa mtoni.

Nilimgeuza. Pezi la kushoto halikuwepo. Ukingo ulikuwa mwekundu, na ulikuwa na meno.

Mama wa kijana alianza kuangalia bati la nyumba yetu kwa makini. Stella, mlangoni, alinitazama mimi tu. Amekua akisikia kisa hiki, anajua kovu ni nini.

"Huyu alipanda mpaka wapi?" nikamuuliza kijana.

"Mpaka kwenye changarawe, mama."

"Akarudi?"

"Akarudi, mama."

Niliweka kiganja ubavuni mwa yule samaki. Alikuwa baridi, mkubwa, magamba yake yote yapo. Mtu aliyemvua alikuwa amemvua kwa mshipi, hakutaka wavu umharibu.

"Leteni kisu," nikasema.